Robert Louis Stevenson: Mgonjwa aliyepaka rangi vitu vidogo, akaacha hazina kubwa

Huenda wewe mwenyewe, au mzazi wako, uliwahi kukisoma shuleni kitabu kiitwacho Kisiwa Chenye Hazina. Ni hadithi ya kijana Jim Hawkins, ramani ya siri, na haramia wa mguu mmoja mwenye kasuku begani. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miaka mingi kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki.

Aliyekitunga kwa Kiingereza ni Robert Louis Stevenson, mtu wa Scotland, aliyefariki mwaka 1894. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya hadithi. Wachache wanajua kwamba hadithi hiyo ilianzia kwenye kisanduku cha rangi za maji cha mtoto wa shule, na kwamba mtunzi wake alikuwa na tabia ambayo majirani wangeweza kuicheka: mtu mzima, mwenye mke, akilala kifudifudi sakafuni kucheza na askari wadogo wa madini ya risasi.

Leo kuna maelfu ya watu duniani, hasa Ulaya na Marekani, ambao burudani yao ni kununua visanamu vya askari, mazimwi na mashujaa, vyenye urefu wa kidole au pungufu, kuvipaka rangi kwa brashi nyembamba, kisha kuvipanga mezani na kupigana vita vya mchezo kwa kutumia dadu na futi ya kupimia. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu mzima anaweza kukaa usiku mzima akipaka rangi kofia ya askari mdogo kuliko punje ya hindi, maisha ya Stevenson yanatoa jibu zuri.

Mtoto wa kitandani

Stevenson alizaliwa tarehe 13 Novemba 1850 katika mji wa Edinburgh. Alikuwa mtoto pekee wa Thomas Stevenson na mkewe Margaret.

Ukoo wake ulikuwa maarufu kwa kazi moja: kujenga minara ya taa baharini, ile inayoongoza meli usiku zisigonge miamba. Babu yake, aliyeitwa pia Robert, alisimamia ujenzi wa mnara wa Bell Rock, juu ya mwamba unaofunikwa na maji ya bahari, karibu kilomita 18 kutoka pwani ya Scotland. Mnara huo uliwashwa mwaka 1811 na bado umesimama.

Baba yake naye alikuwa mhandisi wa minara. Ukipita kwenye kituo cha hali ya hewa ukaona lile sanduku jeupe la mbao lenye miguu na matundu ya kupitisha hewa, ambamo huwekwa vipimajoto, kumbuka kwamba alilibuni Thomas Stevenson. Wanafunzi wa Jiografia wa hapa kwetu hujifunza juu ya sanduku hilo mpaka leo, na linabeba jina lake.

Katika nyumba ya watu wa mawe na chuma alizaliwa mtoto dhaifu. Louis, kama walivyomwita nyumbani, alikohoa tangu utotoni. Majira ya baridi yalipofika, alilala kitandani kwa wiki nyingi. Yaya wake, Alison Cunningham, alikuja kumlea kabla hajafikisha miaka miwili. Alikesha naye usiku, akamsomea Biblia na kumsimulia visa mpaka usingizi umchukue.

Mtoto anayelazwa kutwa nzima hutafuta dunia yake hapo hapo alipo. Louis aliifanya blanketi kuwa nchi. Magoti yalikuwa milima, mikunjo ya shuka ilikuwa mabonde, na askari wake wadogo walipita humo kwa safu. Alipokuwa mtu mzima aliliandika jambo hilo katika shairi, na likaingia kwenye kitabu chake cha mashairi ya watoto kilichotoka mwaka 1885. Katika kitabu hicho kuna shairi jingine la mtoto anayemficha askari wake ndani ya shimo bustanini, kisha anamkuta tena majani yakishafyekwa. Kitabu chote alikitoa kwa heshima ya yaya wake Alison.

Peni moja bila rangi

Mapenzi yake makubwa ya utotoni yalikuwa michezo ya kuigiza ya karatasi.

Enzi hizo Uingereza kulikuwa na wachapishaji waliouza karatasi zenye picha za wahusika wa tamthilia: maharamia, askari, mabinti wa kifalme, wezi wa msituni. Mtoto aliwakata kwa mkasi, akawabandika kwenye karatasi ngumu, akawasimamisha kwenye jukwaa dogo la kuwekwa mezani, na kuwasogeza huku akisoma maneno yao.

Karatasi hizo ziliuzwa kwa bei mbili. Isiyopakwa rangi iliuzwa peni moja. Iliyokwisha kupakwa rangi iliuzwa peni mbili.

Palikuwa na duka moja Edinburgh, kwenye barabara ya Leith Walk, lililoweka jukwaa la namna hiyo dirishani. Louis na wenzake walisimama hapo muda mrefu wakitazama. Wakiwa na fedha waliingia. Wakiwa hawana, waliingia pia, wakapekua karatasi zote huku mwenye duka akiwatazama kwa jicho la mashaka.

Louis alinunua za peni moja, na hakuona fahari yoyote katika kununua zilizopakwa rangi tayari. Kwake, aliyelipa peni mbili alikuwa amelipa zaidi ili anyang'anywe raha yenyewe. Alijua kwamba nyekundu iliyokoza ikichanganywa na bluu nzito hutoa zambarau inayofaa majoho ya wakubwa. Alikaa na brashi, rangi moja baada ya nyingine, vazi moja baada ya jingine.

Mwaka 1884, akiwa na zaidi ya miaka 30, aliandika makala juu ya karatasi hizo. Humo alikiri jambo ambalo kila fundi wa mikono analijua: kazi ikishakwisha, raha yake kubwa imekwisha nayo. Utamu ulikuwa katika kupaka. Makala hiyo ilimpa sifa muuzaji mmoja wa London, Benjamin Pollock, aliyekuwa miongoni mwa wa mwisho kuendelea kuchapisha karatasi hizo. Jina la Pollock bado limo kwenye duka la vitu vya kuchezea jijini humo.

Hapa ndipo Stevenson anapokutana na wapaka visanamu wa leo. Visanamu vya michezo ya mezani, kwa kawaida, huuzwa bila rangi. Anayenunua hupata vipande vya plastiki au madini vyenye rangi moja ya kijivu. Huvikata, huvigundisha, kisha huvipaka rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine. Baada ya hapo huweka rangi za msingi, zilizopunguzwa kwa maji zisije zikafunika sura ya uso. Kisha humwagia rangi nyepesi yenye giza, ambayo huteremka na kukaa kwenye mikunjo ya nguo na kufanya kivuli. Mwisho hupitisha brashi karibu kavu juu ya sehemu zilizoinuka ili zing'ae kama zimepigwa na mwanga. Kisanamu kimoja kinaweza kuchukua jioni kadhaa.

Mtu angeweza kuuliza: kwa nini usinunue kilichokwisha kupakwa rangi? Jibu lake ni lile la mtoto wa Leith Walk.

Mwana asiyetaka minara

Louis alipokua, ilitarajiwa arithi kazi ya ukoo. Mwaka 1867 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea uhandisi. Alikwenda na baba yake kwenye miamba na visiwa, akaona minara ikijengwa. Alipenda bahari, akapenda mashua, lakini hesabu za mawe hazikumwingia moyoni.

Mwaka 1871 alimwambia baba yake kwamba anataka kuandika. Kwa Thomas Stevenson hilo lilikuwa pigo. Mnara wa taa huokoa watu wasizame. Kuandika visa kunamwokoa nani? Wakakubaliana asome sheria, ili awe na kazi ya kushika mkononi. Alifaulu na kuwa wakili mwaka 1875, lakini uwakili hakuufanya.

Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wamegombana vibaya zaidi, kijana alipokiri kwamba imani ya wazazi wake haikuwa tena imani yake. Baba alikuwa mtu wa dini sana. Nyumba ilijaa huzuni.

Mwaka 1876, katika kijiji cha Grez nchini Ufaransa, Louis alikutana na Fanny Osbourne, Mmarekani mwenye umri wa miaka kumi zaidi yake. Alikuwa ametengana na mumewe, na mwaka huo huo alikuwa amezika mtoto. Alibaki na binti, Isobel, na mtoto wa kiume, Lloyd, aliyezaliwa mwaka 1868.

Fanny aliporudi California, Louis alimfuata mwaka 1879, kwa meli kuvuka Atlantiki na kwa treni kukatiza Marekani yote, bila fedha za kutosha na mapafu yakiwa mabovu. Alifika akiwa hoi, nusura afe. Walioana San Francisco tarehe 19 Mei 1880. Baba yake, pamoja na yote yaliyotokea, alimtumia fedha na kumwita nyumbani.

Kwa hiyo mwaka 1881 Stevenson alikuwa hivi: ana miaka 30, anatema damu, anamtegemea baba yake kwa chakula, na bado hajatunga hata riwaya moja iliyofika mwisho. Alikuwa ameanza kadhaa, na zote zilimshinda njiani.

Mvua ya Braemar

Kiangazi cha mwaka huo familia ilikodi nyumba ndogo Braemar, kwenye milima ya Scotland. Mvua ilinyesha bila kukoma na upepo ulikuwa mkali. Mgonjwa wa mapafu hakuweza kutoka.

Lloyd, aliyekuwa na miaka 13, alikuwa likizo. Alikuwa na kalamu, wino na kisanduku cha rangi za maji cha bei ndogo, akakigeuza chumba kimoja kuwa mahali pa kuonyesha picha zake. Baba wa kambo alijiunga naye. Wakakaa alasiri nzima wakichora na kupaka rangi, kila mmoja na karatasi yake.

Siku moja Stevenson alichora ramani ya kisiwa ambacho hakipo. Akaipaka rangi kwa uangalifu mkubwa. Akaweka ghuba, vilima, mito na mahali palipozikwa mali. Baadaye alieleza kwamba alipokuwa akiitazama, watu wa kitabu walianza kujitokeza kutoka kwenye misitu yake, wakipigana na kutafuta hazina juu ya karatasi ile. Akachukua karatasi nyingine, akaandika orodha ya sura.

Aliandika sura 15 kwa siku 15. Kila alichoandika aliisomea familia. Haramia wa mguu mmoja, Long John Silver, alimtungia kutokana na rafiki yake W. E. Henley, mshairi mwenye nguvu na maneno mengi, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kifua kikuu.

Hapo likatokea jambo ambalo halikutarajiwa. Thomas Stevenson, mzee wa minara, alikuja kutembea, akaketi kusikiliza, na akaingia mwenyewe ndani ya mchezo. Sura ya kufungua sanduku la baharia Billy Bones ilipokaribia, mzee alitumia sehemu kubwa ya siku akiandika, nyuma ya bahasha, orodha ya vitu vinavyopaswa kuwamo. Mwanawe aliifuata orodha hiyo kama ilivyo. Hata jina la meli ya Kapteni Flint, Walrus, lilitoka kwa mzee.

Baba na mwana waliogombana juu ya kazi na juu ya Mungu walipatana juu ya sanduku la haramia.

Hadithi ilichapishwa kwa mfululizo katika gazeti la vijana kuanzia Oktoba 1881 hadi Januari 1882, kwa jina la bandia la Kapteni George North. Ilipotoka kama kitabu mwaka 1883, Stevenson alilipwa pauni 100, fedha iliyomfurahisha kupita kiasi.

Lakini ramani ile ya kwanza, aliyoipaka rangi Braemar, ilipotea njiani ilipotumwa kwa wachapishaji. Ilibidi achore nyingine kwa kufuata maneno ya kitabu. Aliichora katika ofisi ya baba yake, na mzee Thomas, aliyekuwa na kipaji cha kuiga miandiko, akaghushi saini ya Kapteni Flint. Ramani hiyo ndiyo iliyochapishwa. Stevenson mwenyewe alisema kwamba haikuwahi kuwa kisiwa chake halisi. Kile cha kweli kilikuwa kile kilichotoka kwenye rangi za maji siku za mvua.

Vita vya darini

Kitabu kilimalizikia Davos, mji wa milimani nchini Uswisi, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Madaktari wa enzi hizo hawakuwa na dawa ya kifua kikuu. Waliwapeleka wagonjwa penye hewa baridi na kavu, wakangoja. Stevenson alikaa huko majira mawili ya baridi, mwaka 1880 hadi 1881 na 1881 hadi 1882. Mji ulijaa watu wanaokohoa. Wengine walioonekana mezani wiki hii hawakuonekana wiki ijayo.

Katika nyumba waliyopanga mara ya pili kulikuwa na chumba cha darini, chini ya paa, chenye baridi kali na mwanga wa mshumaa. Humo Stevenson na Lloyd walichora sakafuni ramani kubwa kwa chaki za rangi mbalimbali. Waliweka milima, mito, madaraja, miji, na barabara za aina mbili. Juu yake walipanga majeshi yao ya askari wadogo.

Mchezo wao ulikuwa na kanuni. Majeshi yalisonga kwa vipimo. Risasi zilikuwa na hesabu, na mizigo ilipaswa kusafirishwa. Waliangushana kwa bunduki za kuchezea. Vita moja iliweza kuchukua wiki kadhaa, nao wakitambaa sakafuni, vidole vikiwauma kwa baridi na magoti yakikakamaa.

Stevenson aliongeza kitu kingine. Alijifanya mwandishi wa habari wa vita, akaandika taarifa za magazeti ya kubuni, Glendarule Times na Yallobally Record, akisifu na kuwakejeli makamanda. Lloyd alikuwa na mashine ndogo ya kuchapia ya mkono. Wakachapisha vijitabu na kuviuza, na mgonjwa akachonga picha za mbao za kupigia chapa.

Lloyd alihifadhi kumbukumbu za vita hivyo na kuzichapisha mwaka 1898, baada ya kifo cha baba yake wa kambo. Hii ni moja ya habari za mapema tulizonazo za mtu mzima mashuhuri kucheza vita vya visanamu kwa kanuni, kwa raha tu. Wanajeshi wa Prussia walikuwa wakitumia michezo ya namna hiyo tangu mapema katika karne ya 19, ila kwa mafunzo ya maofisa. Mwaka 1913 mwandishi mwingine mkubwa, H. G. Wells wa Uingereza, alitoa kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, na hapo ndipo wengi huanzia wanapohesabu historia ya burudani hii. Kumbe miaka 30 kabla yake mgonjwa mmoja na mtoto wa kambo walikuwa darini Davos na chaki zao.

Mtu anayetema damu hana mamlaka juu ya kesho yake. Juu ya sakafu ile alikuwa nayo. Jeshi lilikwenda alikoliambia, na likishindwa leo, kesho liliweza kusimamishwa tena. Huenda ndiyo sababu wagonjwa wengi, na wasio wagonjwa, wanakimbilia meza ya visanamu hata leo.

Vita vya kweli

Umaarufu ulikuja baadaye kwa kasi. Mwaka 1886 alitoa kisa cha Daktari Jekyll na Bwana Hyde, kilichouzwa sana Uingereza na Marekani. Mwaka uliofuata baba yake alifariki. Louis akaondoka Uingereza na familia yake, akiwemo mama yake mjane, na hakurudi tena.

Mwaka 1888 walikodi jahazi San Francisco wakaingia bahari ya Pasifiki. Mwaka 1890 alinunua shamba Vailima, katika kisiwa cha Upolu nchini Samoa. Hewa ya joto ilimfaa. Aliweza kupanda farasi na kulima. Wasamoa walimpa jina la Tusitala, maana yake msimulizi wa hadithi.

Ila Samoa ilikuwa ikigombaniwa na Ujerumani, Uingereza na Marekani, kila moja ikiunga mkono chifu wake. Stevenson alikasirishwa na mambo hayo, akaandika kitabu cha kuwashutumu wakubwa wa kigeni, kilichotoka mwaka 1892.

Mwaka 1893 vita vilizuka kati ya wafuasi wa Mataafa na wa Laupepa. Aliyewahi kuwa jenerali wa sakafuni sasa aliona majeruhi wa kweli wakiletwa mjini Apia. Hawa hawakuweza kusimamishwa tena kesho yake. Mataafa alishindwa, akapelekwa uhamishoni, na machifu wake wakatiwa gerezani.

Stevenson aliwatembelea gerezani, akawapelekea vyakula na zawadi, akawafanyia karamu, akawatetea. Walipoachiwa mwaka 1894, machifu hao walikuja wenyewe na watu wao, bila malipo, wakamjengea barabara mpaka nyumbani kwake, kama shukrani. Mjukuu wa wajenga minara, aliyekataa uhandisi, alipata barabara iliyojengwa kwa ajili yake kwa mapenzi.

Jioni ya tarehe 3 Desemba mwaka huo huo, akiwa anamsaidia mkewe kuandaa chakula, alianguka ghafla. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Akafa usiku huo, akiwa na miaka 44. Mapafu yaliyotishia kumuua tangu utotoni siyo yaliyomuua. Wasamoa walifyeka njia kupanda mlima Vaea, wakambeba kwa kupokezana mabegani, wakamzika kileleni kesho yake. Kaburi liko huko mpaka sasa, likitazama bahari.

Kilichobaki

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Stevenson alicheza kwao, kitandani, mezani na darini, na dunia ikamtunza.

Baba yake aliogopa kwamba mwanawe anapoteza maisha kwa mambo ya kitoto. Hofu ya mzazi ilikuwa ya haki. Lakini uangalifu aliojifunza kijana yule kwa kupaka joho la zambarau kwenye karatasi ya peni moja ndio alioutumia kupaka rangi kisiwa, na kisiwa kikazaa kitabu kilichofika mpaka madarasani kwetu, kwa lugha yetu.

Mwanao akikaa uani akifinyanga ng'ombe wa udongo, akiwapaka chokaa na majivu, akiwapanga kwa safu na kuwapa majina, mtazame kidogo kabla hujamwita aache. Na ukiwa na nafasi, fanya kama mzee Thomas alivyofanya Braemar: chukua bahasha, kaa naye, umuulize ndani ya sanduku mnaweka nini.